Boksi limebadilika: je, dawa ya kisukari nayo imebadilika?

Bibi mmoja wa kliniki yetu alirudi dirishani saa moja tu baada ya kupewa dawa, amezifunga kwenye ncha ya kanga. "Mwanangu, hizi si zile. Zile hazikuwa na harufu. Hizi zinanuka dagaa, mmenipa zilizooza."

Nilichukua kidonge nikakinusa. Kweli, kilinuka dagaa. Nikamwomba boksi lake la zamani, nikaweka kidole chini ya lile jina kubwa la rangi, penye maandishi madogo: metformin hydrochloride 500 mg. Nikaweka kidole kwenye boksi jipya: metformin hydrochloride 500 mg. Harufu ile ni ya metformin yenyewe. Kiwanda kinachokifunika kidonge kwa utando mzuri huificha, na kinachopaka utando mwembamba, au kisichopaka kabisa, humwachia mgonjwa ainuse. Dawa haikuwa imeoza. Lakini bibi alishakata shauri la kuzitupa, na angekaa mwezi mzima bila dawa kwa sababu ya harufu ambayo hakuna aliyemweleza.

Swali lake ndilo tunaloulizwa karibu kila siku ya kliniki. Leo bima imetoa boksi la bluu, mwezi ujao hospitali imepokea la kijani, na duka la dawa mtaani lina la tatu lenye bei maradufu. Je, zinafanya kazi sawa?

Kila dawa ina majina mawili. Moja ni la biashara, ambalo kiwanda kimelichagua chenyewe. Jingine ni la kiambato, kile kitu kinachoshusha sukari mwilini. Metformin ilianza kutumika kwa wagonjwa Ufaransa, ambako daktari Jean Sterne alichapisha matokeo yake mwaka 1957. Jina Glucophage, lenye maana ya mla sukari, lilitokana na kazi yake hiyo. Haki ya kuwa mtengenezaji pekee ilikwisha zamani, na leo viwanda vingi duniani hutengeneza metformin, kila kimoja kwa jina lake.

Kiwanda kinachokuja nyuma kinatakiwa kuthibitisha kwamba kidonge chake kinafika kwenye damu kama kile cha kwanza. Kwa kawaida watu waliojitolea humeza dawa ya kwanza, hupumzika siku kadhaa, kisha humeza ya pili. Kila mara hutolewa damu tena na tena kwa saa nyingi, ili kuona dawa imeingia kiasi gani na kwa kasi gani. Matokeo yakilinganishwa lazima yaangukie kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa ya kwanza. Hapa wengi hukosea, hata baadhi ya wahudumu wa afya: hudhani dawa ya bei nafuu inaruhusiwa kuwa na asilimia 80 tu ya kiambato. Sivyo. Kiasi cha kiambato ndani ya kidonge kina kipimo chake kingine, kikali zaidi. Hiyo 80 hadi 125 ni mipaka ambayo wastani wa matokeo, pamoja na kiasi unachoweza kupotoka juu au chini, lazima ubaki ndani yake, kwa hiyo dawa iliyo dhaifu kwa asilimia 20 haiwezi kupenya. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipopitia majaribio 2,070 ya aina hii na kuchapisha matokeo mwaka 2009, tofauti ya wastani katika kiasi cha dawa kilichoingia kwenye damu ilikuwa kama asilimia 3.5. Chakula ulichokula jana usiku kinaweza kuichezea sukari yako kuliko hapo.

Kwa hiyo jibu langu kwa vidonge vya kawaida vilivyosajiliwa ni hili: usilipe zaidi kwa ajili ya jina. Fedha hiyo nunulia vibanzi vya kupimia sukari.

Palipo na hatari ni kwenye herufi ndogo zinazofuata jina. Ukiona XR, SR au MR, ujue kidonge hicho kimeundwa kuachia dawa taratibu kwa saa nyingi. Metformin XR humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula cha jioni, na wagonjwa wengi huharisha kidogo kuliko kwa ile ya kawaida. Haitafunwi wala haisagwi. Ukikuta kitu kama ganda la kidonge chooni usishtuke, dawa imeshatoka na ganda ndilo limebaki. Gliclazide, dawa nyingine ya kushusha sukari, ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi: miligramu 30 za MR zinakaribiana kwa nguvu na miligramu 80 za kawaida. Mtu anayeangalia jina tu na kusema "ni ile ile" anaweza kukosea dozi vibaya. Hapo kubadilisha ni kazi ya daktari au mfamasia.

Hatari nyingine ni kumeza dawa moja mara mbili kwa majina mawili. Mzee mmoja alikuwa akitumiwa Daonil na mwanawe kutoka mjini, na kliniki ilimpa glibenclamide. Akazimeza zote mbili kila asubuhi, "hii ya mtoto, hii ya hospitali," bila kujua ni kitu kimoja. Alfajiri moja mkewe alimkuta ameloa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mashine ya sukari ilisoma 2.4, yaani sukari imeshuka mno. Maji ya sukari aliyopewa na jirani ndiyo yaliyomfikisha kwetu akiwa hai.

Tangu siku hiyo tunaandika jina la kiambato kwa kalamu nene nyuma ya daftari la kliniki. Bibi yule wa dagaa hakusoma shule, ila mjukuu wake wa darasa la tatu hulinganisha herufi moja baada ya nyingine kabla hawajaondoka dirishani.

Kwenye insulini, mambo yanahitaji uangalifu zaidi. Mixtard 30 na Humulin 70/30, insulini za mchanganyiko, zinaonekana kama zinapingana, kumbe zote ni asilimia 30 ya insulini ya haraka na 70 ya ile ya kati. Kiwanda kimoja kimetaja upande mmoja, kingine kikataja zote mbili. Glargine, insulini ya muda mrefu, ya jina la Lantus ina yuniti 100 kwa kila mililita, ile ya Toujeo ina 300, na hizo hazibadilishwi kienyeji hata kama kiambato ni kimoja. Pia kuna mabomba ya sindano ya yuniti 40 na ya yuniti 100. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa 20, umejichoma yuniti 50. Angalia namba kwenye chupa na namba kwenye bomba, lazima zifanane. Na ukibadilishiwa insulini, hata kwa ushauri wa daktari, pima sukari mara nyingi zaidi kwa wiki mbili za mwanzo.

Nisiseme pia kwamba kila malalamiko ni hisia tu. Dawa mbovu zipo. Mwaka 2020 baadhi ya metformin za kuachia taratibu ziliondolewa sokoni Marekani baada ya kukutwa na NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, kupita kiasi kinachokubalika. Insulini iliyokaa juani kwenye dashibodi ya gari, au iliyoganda karibu na friza, haina kazi hata ikiwa ya kiwanda bora duniani. Insulini inayotakiwa kuwa angavu ikiwa na ukungu, au ile ya rangi ya maziwa ikibaki na mabonge baada ya kuizungusha taratibu, usiitumie. Na dawa isiyosajiliwa, inayouzwa kwenye begi stendi, hakuna anayejua kilichomo ndani.

Boksi likibadilika, endelea na dawa huku ukipima asubuhi kabla ya kula, na andika namba. Jikumbushe kama wiki hiyo ulikuwa na homa, msiba, au futari nzito, maana hivyo navyo hupandisha sukari. Namba zikibaki juu kwa wiki nzima bila sababu, njoo na daftari, vidonge vilivyobaki na boksi lenyewe. Usilitupe boksi, kwa sababu namba ya toleo iliyopigwa pembeni ndiyo tunayoitumia kutoa taarifa kwa mamlaka ya dawa, yaani TMDA kwa Tanzania, au Bodi ya Famasi na Sumu kwa walio Kenya, na bila hiyo hakuna anayeweza kuifuatilia dawa ile hadi ilikotoka.