Kabla hujanunua silikoni, jua kwanza upepo unapitia wapi

Upepo wa kusi ukishakaza hapa Tanga, sisi wa upande wa ujenzi chuoni tunaulizwa mambo yaleyale, mlango unapiga mluzi usiku kucha, vumbi linaingia na dirisha limefungwa, AC inanguruma mpaka asubuhi chumba bado kina joto na umeme wa LUKU unakatika kama haukununuliwa. Ukimuuliza mtu ameshafanya nini, anakwambia nimepaka silikoni pande zote. Silikoni inakuja mwisho jamani, kwanza tafuta upenyo.

Kuutafuta hakuna gharama. Subiri siku yenye upepo, zima feni, toa pazia, funga kila kitu afu washa kijiti cha udi. Kipitishe taratibu sana pembeni ya fremu, anzia kwenye bawaba, panda juu, shuka upande wa kitasa, malizia chini. Moshi ukipanda wima hapo pazima, ukilala kuelekea ndani au ukitawanyika ghafla weka alama ya chaki. Kwa mlango ongeza na hii: bana karatasi kati ya mlango na fremu, funga, ivute, ikitoka kirahisi bila kukwama basi sehemu hiyo mlango haugusi fremu vizuri. Rudia kila baada ya hatua kama kiganja, maana mlango unaweza kubana juu na kuachia chini.

Na hapo chini ndo watu wanapopadharau. Hebu piga hesabu, mlango wa upana wa sentimita 90 ukiwa na uwazi wa sentimita 1 tu kwa chini, hizo ni sentimita za mraba 90, yaani ni sawasawa na kutoboa ukuta tundu la karibu sentimita 9 na nusu kwa 9 na nusu. Hewa ya baridi ni nzito, inakaa chini, kwa hiyo inatoka nje hapohapo, na hewa ya joto yenye unyevunyevu wa bahari inaingia kwa juu kuziba pengo, sasa AC inafanya kazi mbili, kupooza na kukausha. Dawa yake ni brashi ya chini ya mlango au raba, inakatwa kwa kipimo na kufungwa kwa skrubu. Ukikaa karibu na bahari, Raskazone huko, chukua skrubu za stenlesi, za kawaida chumvi inazila.

Milango ya mbao ina habari yake. Masika mbao inavimba, zaidi kwa upana, mlango unakwama, fundi anaitwa na randa anaukwangua, kila mtu anafurahi. Ikifika kaskazi na jua lake mbao inasinyaa na pale palipokwanguliwa panabaki ufa. Naomba kama unaweza kuvumilia usirande masika, ngoja ukauke uone umebana wapi kweli. Mara nyingi utakuta shida ni bawaba zimelegea mlango ukalala, unakaza skrubu tu kwisha. Afu paka vanishi au rangi ukingo wa juu na wa chini kabisa wa mlango, mafundi wengi wanaziruka kwa sababu hazionekani na huko ndo mbao inanywa maji kuliko kwingine.

Madirisha ya alminiamu ya kusukuma, angalia yale manyoya ya pembeni, yakishalala au kung'oka upepo unapita moja kwa moja, ila yanauzwa na kubadilishwa bila kununua dirisha jipya. Safisha na reli, mchanga ukijaa rola zinapanda na kioo hakifungi sawasawa. Lakini vile vitundu vidogo kwenye reli ya chini upande wa nje USIVIZIBE, ni vya kutolea maji ya mvua, ukivijaza silikoni maji yatarudi sebuleni.

Silikoni sasa ni kwa ule ufa kati ya fremu na lipu, maana hapo hapafunguki. Ile yenye harufu kali ya siki haishiki vizuri kwenye saruji na inaweza kuanzisha kutu kwenye chuma, ulizia isiyo na harufu hiyo. Futa vumbi, pakauke kabisa, na ufa ukiwa mpana jaza lipu kwanza.

Kama nyumba haina AC usihangaike kuziba hewa, unaihitaji, wewe hangaika na mbu. Mbu wa malaria wanapenda kupitia ule uwazi kati ya ukuta na paa, nyumba za zamani nyingi hazina dari na pako wazi tu. Weka wavu pale, hewa inaendelea kupita.

Na jikoni nasema kwa msisitizo. Panapowashwa mkaa usizibe kitu, moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi na inaua watu usingizini, jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama limebaki majivu ya moto tu. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo ule uwazi wa chini ya mlango wa nje wa jikoni uache, brashi peleka vyumbani.