Treni za abiria za Marekani hazikuishi kwa nauli tu

Wengi wakitazama picha za treni za abiria za Marekani za miaka ya 1950 hudhani ziliishi kwa nauli, kisha zikafa kwa sababu watu walikimbilia magari na ndege. Hiyo ni nusu ya habari.

Angalia mabehewa yanayofuata kichwa cha treni, kabla hujafika kwenye viti, chakula na vitanda. Mengi hayana madirisha ya maana. Humo mlikuwa na mizigo, vifurushi, magazeti, hata majeneza, na posta. Behewa la posta lilikuwa ofisi kamili: makarani walisimama usiku kucha, bastola kiunoni, wakipanga barua huku treni ikikimbia. Kwenye stesheni ndogo treni haikusimama. Mkono wa chuma uliotokeza mlangoni uliunyakua mfuko wa barua uliotundikwa kando ya reli, na ule wa kushushwa karani aliusukumia nje kwa teke. Aliyechelewa posta aliweza kutumbukiza barua yake kwenye tundu ubavuni mwa behewa lenyewe.

Fedha ya kubeba posta na mizigo hiyo iliingia hata viti vikiwa vitupu. Ndiyo maana mwaka 1967, Posta ilipoondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo kwenye treni, kampuni za reli kama Santa Fe ziliomba haraka ruhusa ya kufuta safari nyingi. Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria lililoanza 1971, lilirithi mabaki. Behewa la mwisho la kupangia barua, kati ya New York na Washington, lilistaafishwa 1977.