Namba ya tatu haikai kwenye msimbo

Kundi la seva linalojiongeza lenyewe wateja wakijaa, na kujipunguza wakiondoka, huelezwa kwa namba tatu: idadi ya chini, idadi ya juu na idadi inayotakiwa. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, imekuwa na makundi ya namna hii tangu 2009, na watoa huduma wengine wa wingu wana yao yanayofanana nayo. Ninapokagua msimbo wa vijana tunaofanya nao kazi hapa Lubumbashi, karibu kila mara nazikuta zote tatu zimewekwa safu moja, kwa aina moja na hadhi moja. Mbili za kwanza ziko mahali pake. Ya tatu ndiyo ninayogombana nayo.

Mwenye malewa, yaani mkahawa wa mtaani, wa komine ya Kenya hapa Lubumbashi humwambia mpishi wake: bukari (ugali wetu) isipungue sufuria mbili motoni, isizidi nane. Hiyo ni amri, na haibadiliki mpaka yeye mwenyewe aibadilishe. Sufuria ngapi ziko motoni saa hii ni habari nyingine; hilo huamuliwa na foleni ya walaji. Chini na juu ni amri. Idadi inayotakiwa ni hali ya jiko: mtu anaweza kuigusa, lakini anayeigusa mchana kutwa ni mashine.

Sasa tuseme matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yametoka, na tovuti ya kuyasomea huwa na seva tatu siku za kawaida. Mafinalisti, wazazi, majirani, wote wanafungua simu kwa pamoja. Kundi linapanda hadi seva tisa. Katikati ya purukushani hiyo mtu anabadilisha lebo tu, labda jina la idara inayolipa bili, kisha anaendesha Terraform, programu inayolinganisha faili la maagizo na hali halisi ya wingu na kuilazimisha hali ifuate faili. Kama kwenye faili lake idadi inayotakiwa imeandikwa tatu, Terraform itaona tisa upande mmoja na tatu upande wa pili, na itarudisha tatu bila kuuliza mara mbili. Seva sita zinazimwa wakati watu bado wamebanana mlangoni. Hakuna kilichoharibika, programu imefanya ilichoagizwa. Dawa ni ama kutoiandika kabisa namba hiyo, ama kuiambia Terraform iipuuze inapolinganisha faili na hali halisi. Mimi napendelea kutoiandika. Mstari usiokuwepo hauhitaji maelezo.

Kwenye programu zetu wenyewe, zinazozungumza na AWS moja kwa moja, tumetenganisha aina mbili:

```
@dataclass(frozen=True)
class AmriYaKundi:
    chini: int
    juu: int
    muda_wa_kuamka: int            # sekunde
    mitandao: frozenset[str]
    mpangilio_wa_kuzima: tuple[str, ...]

@dataclass(frozen=True)
class HaliYaKundi:
    inayotakiwa: int
    zilizopo: int
```

Amri huandikwa na mtu na hukaa kwenye Git, ghala la msimbo wetu. Hali husomwa kutoka kwenye wingu, basi.

Muda wa kuamka unastahili neno lake. Ni muda ambao kundi huivumilia seva mpya kabla ya kuanza kuihukumu kuwa mgonjwa. Ukiunda kundi kupitia ukurasa wa AWS, unapewa sekunde 300. Ukiliunda kwa msimbo unaozungumza na AWS moja kwa moja bila kuutaja muda huo, unapewa sifuri. Kundi ni lilelile, mlango tu ndio tofauti. Programu nzito inayohitaji dakika mbili kusimama huuawa kabla haijasimama, inaletwa nyingine, nayo inauawa, na bili inaendelea kusoma. Ndiyo maana sehemu hiyo hapo juu haina chaguo-msingi: asiyeitaja hapati kitu, msimbo unakataa.

Mitandao ni seti isiyojali mfuatano na mpangilio wa kuzima ni orodha yenye mfuatano, na tofauti hiyo ni ya makusudi. AWS hupokea mitandao midogo kama neno moja refu lililotenganishwa kwa mkato, kwenye sehemu iitwayo VPCZoneIdentifier. Ukiliingiza neno hilo jinsi lilivyo ndani ya programu yako, "a,b" na "b,a" vitaonekana ni vitu viwili, na kila ukilinganisha utaambiwa kuna mabadiliko ambayo hayapo. Iwe seti ndani, mikato uiunganishe mwishoni, ombi linapotoka. Sera za kuzima, za kuchagua seva ipi izimwe, ni kinyume chake: AWS huzifuata kwa zamu, ya kwanza kwanza, kwa hiyo ukizichanganya umebadilisha maana.

Panapowachanganya watu zaidi ni kwenye kubadilisha kundi lililopo. Katika ombi la kuunda, sehemu usiyoitaja huchukua chaguo-msingi. Katika ombi la kubadilisha, sehemu usiyoitaja huachwa ilivyo. Ukimya uleule, maana mbili. Kwa hiyo mabadiliko nayo yana aina yake, ambayo kila sehemu inaweza kuwa None, yaani haikutajwa, na hatutumi ila kilichobadilika. Lakini angalia Python: ukiandika `if m.chini:`, `m` ikiwa ni hayo mabadiliko, sifuri nayo inahesabiwa kuwa haipo. Sifuri ni idadi halali kabisa ya chini. Makundi ya majaribio huwekwa sifuri usiku ili yasile pesa bure. Andika `if m.chini is not None:` hata kama inachosha vidole. Na ukipandisha idadi ya chini hadi tano wakati inayotakiwa ni tatu, AWS yenyewe itaivuta hadi tano; usiitume.

Ukaguzi uwe mkali kwa amri: chini ikizidi juu, ikataliwe palepale kabla intaneti haijaguswa. Kwa hali, legeza. AWS inaposawazisha seva kati ya maeneo yake inaweza kuvuka idadi ya juu kwa muda mfupi, kwa asilimia 10 au seva moja, kutegemea ipi ni kubwa. Aina inayokataa kusoma kundi la namna hiyo inakataa kundi lenye afya.

Limebaki suala la saa. Ratiba ya kupandisha idadi ya chini kila asubuhi husomwa na AWS kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, usipoitajia eneo jingine. Wengi wetu tunakodi seva za Cape Town, ambako AWS ilifungua mwaka 2020, na kwa kuwa saa ya Cape Town ni sawa na yetu, mtu huandika 07:00 akiamini seva inafuata saa ya huko ilipo. Kwetu itaamka saa 09:00. Kongo nayo ina saa mbili: Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko mbele ya UTC kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja. Kundi la wateja wa mashariki tunaliandikia Africa/Lubumbashi, la Kinshasa Africa/Kinshasa, na sehemu hiyo ni ZoneInfo, aina ya Python inayokubali tu majina yaliyo kwenye orodha ya maeneo ya saa, badala ya maandishi huru. Rafiki wa Goma akiandika Africa/Goma kwa kupenda kwao, programu inamkatalia hapohapo, maana jina hilo halimo kwenye orodha.