Nusu ya 20 kwa 20 si 10 kwa 10: dhana potofu kuhusu kuzidisha

Mtu ana kiwanja cha mita 20 kwa 20, anataka kuuza nusu. Nusu ya 20 ni 10, basi mnunuzi anapimiwa 10 kwa 10, pesa inahesabiwa, mashahidi wanasaini. Kumbe kiwanja kizima kina mita za mraba 400, na 10 kwa 10 ni mita za mraba 100. Aliyelipia nusu ameondoka na robo. Nusu yenyewe ni 20 kwa 10: unakata upande mmoja, wa pili unauacha ulivyo.

Shambani mtego ni uleule. Eka ambayo wengi huipima kwa hatua 70 kwa 70 (zikiwa yadi, ni yadi za mraba 4,900, karibu sana na 4,840 za eka kamili) nusu yake ni 70 kwa 35. Ukipimiwa 35 kwa 35 umepewa robo eka.

Kosa hili hulifanya hata aliyekariri jedwali lote la kuzidisha. Kukariri hakumkingi, kwa sababu linatokana na picha aliyonayo kichwani kuhusu kuzidisha kwenyewe.

"Kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudia"

Ni kweli, lakini ina mwisho wake. 3 × 4 ni 3 + 3 + 3 + 3, na mtoto wa darasa la pili aanzie hapo. Tatizo ni kuishia hapo. Nusu mara robo utairudia mara ngapi? Chora mraba, gawa upande mmoja vipande viwili na upande mwingine vinne. Unapata vyumba 8 vilivyo sawa, na chumba kimoja ndicho 1/2 × 1/4, yaani 1/8. Mstatili, urefu mara upana, unabeba namba nzima, sehemu na desimali bila kubadilisha kanuni. Kwa maoni yangu ndiyo picha ya kwanza ambayo mwanafunzi angepaswa kuizoea mara tu anapomaliza kuhesabu kwa vifungu.

"Ukizidisha, jibu lazima liwe kubwa"

1/8 ni ndogo kuliko nusu na ni ndogo kuliko robo. Namba chanya ukiizidisha kwa kitu kilicho chini ya 1, inapungua. Dhana hii ina madhara ambayo ni rahisi kutoyaona. Mpe mwanafunzi swali: kilo ya nyama ni shilingi 12,000, je, kilo 0.75 ni shilingi ngapi? Anajua jibu litakuwa chini ya 12,000, na kwa kuwa anaamini kuzidisha hukuza, anagawanya. 12,000 ÷ 0.75 inampa 16,000, bei ambayo mnunuzi yeyote angeikataa. Angezidisha angepata 9,000.

"Zidisha makumi kwa makumi na mamoja kwa mamoja, basi"

Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie, maana ndipo penye kiini cha njia zote. Chukua 23 × 14. Anayezidisha makumi peke yake na mamoja peke yake anapata 20 × 10 = 200 na 3 × 4 = 12, jumla 212. Jibu sahihi ni 322. Zile 110 zimepotelea wapi?

Chora mstatili wa 23 kwa 14. Gawa urefu kuwa 20 na 3, na upana kuwa 10 na 4. Vinatokea vyumba vinne, si viwili: 20 × 10 = 200, 20 × 4 = 80, 3 × 10 = 30, na 3 × 4 = 12. Vile viwili vya katikati, 80 na 30, ndivyo 110 iliyosahaulika. Kila kipande cha namba ya kwanza sharti kikutane na kila kipande cha namba ya pili.

"Njia sahihi ni ile moja ya ubaoni"

Ile njia ya kupanga namba wima nayo inafanya hivyohivyo, ila vyumba vinajificha. 4 × 23 ni 92 (80 na 12 pamoja), kisha 10 × 23 ni 230 (200 na 30). Ndiyo maana mstari wa pili unasogezwa kushoto au unawekewa sifuri. Wanafunzi wengi wanausogeza kwa amri tu, bila kujua kwamba wanazidisha kwa 10.

Wamisri wa kale walikuwa na njia yao. Inaonekana katika mafunjo ya Rhind, maandishi ya kale ya hisabati, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes mnamo mwaka 1550 kabla ya Kristo na sasa yamehifadhiwa British Museum, London. Wao waliongeza maradufu: 23, 46, 92, 184. Kwa kuwa 14 ni 2 + 4 + 8, unajumlisha 46 + 92 + 184, unapata 322. Hapo jedwali la kuzidisha halihitajiki kabisa.

Hata wanahisabati wakubwa walidhani njia ya shuleni haiwezi kushindwa kwa mbali. Mwaka 1960, katika semina huko Moscow, Andrey Kolmogorov alieleza dhana yake kwamba hakuna njia iliyo ya haraka zaidi kimsingi. Anatoly Karatsuba, mwanafunzi wa miaka 23, aliipata njia ya haraka zaidi ndani ya wiki moja. Ijaribu kwa 23 × 14. Makumi: 2 × 1 = 2. Mamoja: 3 × 4 = 12. Sasa jumlisha tarakimu za kila namba, 2 + 3 = 5 na 1 + 4 = 5, kisha 5 × 5 = 25. Toa 2, toa 12, inabaki 11. Hiyo ni makumi 11, ile 110 yetu! Umezidisha mara tatu badala ya nne. Kwa namba fupi faida ni ndogo, lakini kwa zenye tarakimu maelfu ni kubwa, na lugha ya programu ya Python huitumia njia hii inapozidisha namba ndefu sana.

"Kuzidisha kwa 10 ni kuongeza sifuri"

Jaribu kwa 2.5. Ukiongeza sifuri unapata 2.50, ambayo ni 2.5 ileile. Kinachotokea ni kila tarakimu kuhama nafasi moja kwenda kushoto, na jibu ni 25.

"Jedwali lina majibu 100 ya kukariri"

Kukariri kuna faida, sikukatai. Lakini 3 × 7 na 7 × 3 ni mstatili mmoja uliogeuzwa, kwa hiyo 100 zinashuka hadi 55. Ondoa za 1, 2, 5 na 10, ambazo mtoto huzishika mapema. Zinabaki 21. Na katika hizo, ile inayosumbua wengi, 7 × 8, inapatikana kwa kuongeza maradufu: 7 × 4 ni 28, na 28 mara mbili ni 56.