Jamani, siyo kila kosa la mwandishi ni retikoni

Wiki hii tu nimesikia mara tatu mtu anasema "hiyo ni retikoni" kwa kitu ambacho ni kosa la kawaida, mwandishi kasahau alichoandika, basi. Sasa ngoja tuwekane sawa.

Retikoni ni pale mwandishi anaporudi nyuma kwa makusudi, anabadili jambo lililokwisha kusemwa ili yaliyokuja baadaye yakae vizuri. Maana imeisha hapo.

Neno lenyewe lina safari ya ajabu kidogo. Ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza, la kurudi nyuma na la mwendelezo, na wala halikuzaliwa kwenye hadithi, 1973 lilikuwemo kwenye kitabu cha teolojia kinachochambua mawazo ya Mjerumani Wolfhart Pannenberg, kwamba historia inatiririka kutoka kesho kuja jana (soma tena taratibu, mi mwenyewe ilinichukua muda). Kwenye vitabu vya katuni liliingia 1983 na mwandishi Roy Thomas, kwenye kurasa za barua za wasomaji za katuni ya All-Star Squadron, halafu mwishoni mwa miaka ya 80 mashabiki wakalikata likabaki retikoni.

Kwa hiyo tangu mwanzo ni neno la mtu anayejua anachofanya. Mchukue mwandishi Tolkien. Riwaya yake The Hobbit ya 1937, Gollum, kiumbe wa pangoni, anaiweka pete yake iwe zawadi ya mshindi wa vitendawili, anashindwa, anaitafuta haioni, anaomba radhi kabisa na kumwonyesha Bilbo, mhusika mkuu aliyemshinda, njia ya kutokea. Baadaye Tolkien akaamua ile ndo pete yenye laana ambayo hakuna anayeiachia kwa hiari, sasa utamfanyaje Gollum yule mpole? Toleo la 1951 sura ikaandikwa upya, Gollum anaenda kuichukua pete ili amuue mgeni. Na ile hadithi ya zamani hakuitupa, alisema Bilbo ndiye aliyewadanganya wenzake. Uongo wa mhusika umefunika mabadiliko ya mwandishi, mimi hapo huwa namvulia kofia.

Linganisha na Harry Potter kitabu cha 4, cha 2000. Fimbo ya uchawi ya Voldemort, yule adui mkuu, inatoa vivuli vya aliowaua, aliyeuawa mwisho anatoka kwanza. Chapa za mwanzo James, baba yake Harry, anatangulia halafu Lily, mama yake, wakati Lily ndiye aliyekufa baadaye. Lilikuwa kosa, na chapa zilizofuata zikalisahihisha, hakuna historia iliyobadilishwa hapo. Tundu na kiraka ni vitu viwili.

Najua mtaniletea Marcus Flint, mwanafunzi wa humo humo Harry Potter. Kitabu cha 1 yuko mwaka wa 6, cha 3 bado yupo shuleni, na shule yenyewe ina miaka 7 tu, piga hesabu. Rowling, mwandishi wa vitabu hivyo, alipoulizwa akasema ama yeye kakosea ama Flint kafeli na kurudia mwaka, na anapenda zaidi kosa liwe la Flint. Hilo jibu ukitaka liite retikoni, sikukatalii, ila ile hesabu mbovu iliyolizaa bado ni kosa tu, na mwandishi wake wala hakuona aibu kuliita hivyo.