Je, wajua? Vicheko vya kwenye komedi za televisheni hutoka wapi, na kwa nini hukuambukiza ukiwa peke yako

Mwanafunzi amemaliza masomo ya siku, yuko kitandani bwenini, spika masikioni, simu mkononi, anaangalia komedi ya Kimarekani. Kila baada ya mzaha umati unaangua kicheko, naye anacheka pamoja nao ingawa chumbani hamna mtu mwingine. Watu hao ni akina nani, na mbona kicheko chao kinamwambukiza?

Jibu linalorudiwa sana ni kwamba vicheko vyote hivyo ni vya kubandika: vilirekodiwa miaka ya 1950, waliocheka wameshafariki, na kazi yake ni kumlaghai mtazamaji acheke mzaha usiochekesha. Lina chembe ya ukweli, lakini makosa yake ni mengi, kwa hiyo tulichambue taratibu.

Kwanza, komedi nyingi maarufu zilirekodiwa mbele ya watazamaji wa kweli. I Love Lucy, iliyoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha Marekani CBS mwaka 1951, ilipigwa kwa kamera tatu za filamu kwa wakati mmoja huku watu wameketi mbele ya jukwaa. Friends nayo ilikuwa na watazamaji studioni. Huku kwetu, Churchill Show ya Kenya ilijengwa juu ya ukumbi uliojaa watu. Katika studio za namna hiyo maikrofoni huning'inizwa juu ya viti vya watazamaji, na sauti yao hurekodiwa kwenye mkondo wake, mbali na ule wa waigizaji, ili mhariri aweze kupandisha au kushusha kicheko bila kugusa maneno. Mwigizaji mzoefu hangoji kicheko kiishe kabisa. Hukiacha kifike kileleni, kikianza kushuka ndipo anatoa sentensi inayofuata. Akiwahi, maneno yake yanamezwa. Akichelewa, onyesho linapoa.

Sasa kwa nini kuna kubandika hata pale penye umati wa kweli? Kwa sababu onyesho hurudiwa. Mwigizaji akikosea, kipande kinapigwa mara ya pili au ya tatu, na watu walioucheka mzaha kwa nguvu mara ya kwanza sasa wanaguna tu. Mhariri anayependelea picha ya mara ya tatu huchukua kicheko cha mara ya kwanza na kukilaza juu yake. Tatizo jingine ni mkato: ukiondoa sentensi mbili katikati, kicheko kilichokuwa kikififia kinakatika ghafla, na sikio hushtuka hata kama jicho halikuona kitu. Ndipo kipande cha kicheko kutoka kwingine huzibia ufa.

Kazi hiyo ya kuzibia ndiyo iliyompa umaarufu fundi mitambo wa sauti Charley Douglass, aliyekuwa CBS. Katika miaka ya 1950 alitengeneza mashine ambayo wenzake waliiita Laff Box, yaani sanduku la vicheko. Moja ya mashine zake ilikuwa na vicheko 320 kwenye mikanda 32 ya sumaku, kumi kwa kila mkanda. Kila mkanda uliunganishwa mwisho na mwanzo ukawa duara, na yote ilizunguka mfululizo. Douglass aliicheza kama mpiga kinanda wa kanisani: vidole kwenye vibonye, mguu kwenye pedali. Kibonye kilichagua aina ya kicheko, cha wanaume au wanawake, cha kuguna au cha kupasuka. Pedali iliamua kidumu kwa muda gani. Kwa kuwa mikanda haikusimama, kubonyeza kibonye kilekile mara mbili hakukuleta lazima kicheko kilekile, na akibonyeza vitatu pamoja sauti zilichanganyika zikawa umati mpya. Ni ubunifu wa kustaajabisha kwa mtu asiye na kompyuta. Mashine aliifunga kwa kufuli, na kwa miaka mingi watayarishaji walimwita yeye na mashine yake pamoja.

Kuhusu marehemu: Douglass alikuwa akiingiza vicheko vipya na kupumzisha vya zamani, kwa hiyo hakuna umati mmoja wa 1955 unaocheka hadi leo. Inaelezwa kwamba vingi vya mwanzo alivitoa kwenye maonyesho ya mchekeshaji wa Marekani Red Skelton, hasa vipande vya kuigiza bila maneno, na sababu inaeleweka: pasipo mazungumzo, kicheko hunaswa kikiwa safi.

Limebaki dai la kulaghai. Robert Provine, mtafiti wa Marekani, aliwapa wanafunzi wa chuo madaftari waandike kila walipocheka. Walicheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, na aliye peke yake bila redio, televisheni wala kitabu karibu hakucheka kabisa. Hesabu hiyo ilitegemea watu kujiandikia wenyewe, lakini pengo ni kubwa mno kupuuzwa. Kwa hiyo kicheko cha nyuma hakimwambii mwanafunzi kwamba mzaha ni mzuri. Kinampa wenzake wa kucheka nao.

Mwaka 2019 timu ya Sophie Scott wa University College London ilichukua mizaha 40 dhaifu na kuibandikia vicheko vifupi. Wasikilizaji waliiona inachekesha zaidi, na kicheko cha kweli kiliipandisha kuliko cha kujilazimisha. Hiyo ilikuwa mizaha mifupi ya kusikiliza tu. Kwa kipindi cha nusu saa tusiseme mengi.

Kuna mpaka pia. Provine aliwachezea wanafunzi 128 sekunde 18 za kicheko kitupu, kisha kimya, akarudia mara kumi. Mara ya kwanza karibu nusu walicheka. Mara ya kumi walicheka watatu tu, na wengi walisema kinakera. Ndiyo maana mhariri mzuri harudii kicheko kimoja. Tena kicheko hakifai kila mahali: komedi ya hospitali ya vita M*A*S*H (1972 hadi 1983) ilipewa ruhusa ya kuacha vicheko kwenye matukio ya chumba cha upasuaji, na BBC ikairusha Uingereza bila vicheko.

Ukitaka kupima kipindi unachoangalia, mtazame mwigizaji baada ya mzaha. Akisimama kidogo, akashika kikombe au kugeuza shingo akisubiri, huenda kuna watu mbele yake. Kicheko kikisikika tukio likiwa barabarani, ndani ya gari linalokwenda, au kwenye katuni kama The Flintstones, hakikurekodiwa hapo. Na ukisikia mwanamke yuleyule akimalizia kwa mlio uleule mara mbili katika kipindi kimoja, umekamata mkono wa mhariri.