Je, wajua kwa nini hasira hupanda ghafla lakini hushuka taratibu?

Asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mvuvi aliyekesha ziwani anabishana na mchuuzi juu ya bei ya beseni la dagaa. Wanaelewana, pesa inahesabiwa, dagaa wanapelekwa kuanikwa. Dakika kumi baadaye mvuvi yuleyule anamfokea kijana aliyechelewa kuleta mafuta ya injini. Kosa la kijana ni dogo, ila ugomvi wa kwanza haujaisha mwilini mwa mvuvi.

Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo amigdala hushtuka mtu anapohisi ameonewa au ametishwa, kabla sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuamua, haijamaliza kazi yake. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga adrenalini, homoni inayouandaa mwili kupambana au kukimbia. Moyo hudunda, mikono hutetemeka, uso hupata moto. Adrenalini hupungua kwenye damu ndani ya dakika chache tu. Inayochelewa ni kortisoli, homoni nyingine ya tezi hizohizo: hufika kileleni dakika 20 hadi 30 hivi baada ya tukio, na huchukua saa moja au zaidi kushuka.

Tangu miaka ya 1970 mtafiti Dolf Zillmann alieleza kuwa msisimko unaobaki kutoka jambo moja huhamia kwenye jambo linalofuata, na mwenye hasira huamini wote umeletwa na hilo la pili. Ndiyo maana kijana wa mafuta anabeba mzigo usio wake.

Wengi hushauriana "kutoa" hasira: piga kelele, pasua kuni, kimbia. Ushauri huo haufai. Mwaka 2024 watafiti Sophie Kjærvik na Brad Bushman walichapisha uchambuzi wa tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Shughuli zinazotuliza mwili zilipunguza hasira. Zinazouchangamsha, kwa jumla, hazikuipunguza, na kukimbia kulielekea kuiongeza.

Anza na pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lijae, mabega yatulie. Toa polepole ukihesabu hadi 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Kutoa ndiko kunakosaidia zaidi, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kasi wakati huo. Wengi hukosea hapa: huvuta pumzi kubwa za harakaharaka, hewa ya kaboni dioksidi hupungua mno kwenye damu, wakapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, kisha wakasema njia hii haifanyi kazi.

Halafu ondoka, lakini taja saa ya kurudi: "Kaka, naomba nitulie kwanza, tuonane saa nne." Ukiondoka kimya, mwenzako ataona dharau na moto utawaka upande wake. Acha saa moja hivi ipite, na katika muda huo usimsimulie mtu yeyote ugomvi ule. Kila ukiusimulia, mwili huamka tena na muda wa kutulia huanza upya.

Kwa wavuvi wa usiku kuna jambo zito zaidi. Ubongo usiolala hushtuka kwa nguvu, na breki zake huwa dhaifu. Kugawana mapato asubuhi ileile, macho mekundu na tumbo tupu, ni wakati mbaya kuliko wote. Hesabu iandikwe asubuhi mbele ya wote, watu wale, walale, mgawo ubishaniwe jioni.

Kutulia si kusamehe deni. Huenda mchuuzi kweli amepunja. Ukirudi, taja tendo na unachodai, acha tabia na ukoo wake: "Jana tulipatana bei hii kwa beseni, leo umelipa pungufu. Naomba kilichobaki kabla ya kesho." Kama hasira imefika kwenye kupiga mke, mume au watoto, pumzi peke yake hazitoshi. Anayepigwa aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na anayepiga atafute mshauri hospitalini.